Mita ya kupimia asidi ya yuriki nyumbani: inamfaa nani hapa Mbeya?

Katika baadhi ya maduka ya vifaa tiba hapa Mbeya zinauzwa mita ndogo zinazopima asidi ya yuriki, nyingi zikiwa zinapima pia sukari na kolesteroli kwa kubadilisha tu kijiti cha kupimia, yaani stripu. Zina majina mbalimbali, lakini utendaji wake unafanana kiasi kwamba tathmini hii inahusu aina ya kifaa kuliko chapa fulani. Sisi tunaitumia nyumbani, Uyole, kwa ajili ya baba, ambaye gauti yake, yaani ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hii, ilithibitishwa hospitalini na ambaye anameza alopurinoli, dawa ya kuishusha, kila siku. Kwa mgonjwa wa namna hiyo naipa alama za juu. Kwa mtu ambaye mguu umeanza kumuuma na anataka kujua kama ni gauti, ningemshauri fedha yake aipeleke kwa daktari.

Sababu ya ushauri huo iko katika tabia ya asidi yenyewe. Asidi ya yuriki hutokana na kuvunjwa kwa purini, ambazo zimo katika seli za miili yetu na katika vyakula tunavyokula. Wanyama wengi wana kimeng'enya kinachoivunja zaidi asidi hii ili itoke kwa urahisi. Binadamu hana, hivyo kazi ya kuitoa inabaki kwa figo, zinazobeba takriban theluthi mbili, na kwa utumbo, unaomalizia sehemu iliyobaki. Kiwango kikizidi miligramu 6.8 hivi kwa desilita, damu haiwezi tena kuiyeyusha yote, na chumvi yake huweza kuganda kuwa fuwele kama sindano ndani ya viungo. Baridi huharakisha kuganda huko, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa ya kidole gumba cha mguu kushambuliwa kuliko viungo vingine. Aliyewahi kukanyaga sakafu ya Uyole alfajiri ya mwezi wa saba hahitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo, watu wengi wenye asidi nyingi hawapati gauti maisha yao yote. Tena kiungo kinapokuwa kimevimba na kuwaka moto, kiwango katika damu kinaweza kushuka hadi kikaonekana cha kawaida. Kwa hiyo namba kubwa pekee haithibitishi ugonjwa, na namba ndogo siku ya maumivu haiuondoi. Muuzaji aliyetuhudumia alisema, "Mzee, siku mguu ukivimba ndiyo upime, utaona yenyewe." Ulikuwa ushauri mbaya, ingawa ulitolewa kwa heshima zote. Uthibitisho wenye uhakika ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano na kuzitafuta fuwele kwa hadubini. Pasipowezekana, daktari hutumia dalili, historia ya mgonjwa na vipimo vya damu vinavyorudiwa angalau wiki mbili baada ya maumivu kutulia. Kiungo kilichovimba pamoja na homa kinaweza pia kuwa na maambukizi ya bakteria, jambo ambalo halisubiri mita ya mtu yeyote.

Kuhusu matumizi, mita yenyewe ni rahisi. Baba huosha mikono kwa maji ya uvuguvugu na kuikausha vizuri, kwa sababu vidole vyenye baridi havitoi damu ya kutosha na kidole chenye maji huizimua. Tunatoboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana, tunafuta tone la kwanza, kisha tunaisogeza ncha ya stripu kwenye tone la pili, nayo hulinyonya yenyewe bila kukandamizwa. Majibu huja chini ya nusu dakika. Asubuhi za baridi kali kifaa chetu hugoma na kuonyesha alama ya hitilafu, kwa kuwa kimewekewa kiwango cha chini cha joto. Dawa yake ni kukiacha kwa muda katika chumba chenye joto, pamoja na chupa ya stripu, kabla ya kupima. Kijikaratasi cha maelekezo kinalitaja jambo hilo kwa Kiingereza na kwa herufi ambazo mzee wa miaka sabini hawezi kuzisoma. Hilo ni kosa la mtengenezaji, na wauzaji wangeweza kulirekebisha kwa ukurasa mmoja tu wa Kiswahili.

Usahihi wake unatosha kwa kazi ya ufuatiliaji. Asubuhi moja tulipima nyumbani kabla ya kwenda maabara, mita ikasema 8.1 na maabara ikatoa 452. Namba hizo zinaonekana kama za watu wawili tofauti hadi utambue kwamba maabara ilitumia mikromoli kwa lita; ukiigawa 452 kwa 59.5 unapata 7.6. Tofauti ya nusu miligramu naivumilia, ilimradi dozi isibadilishwe kwa kutegemea kipimo kimoja cha nyumbani. Vitamini C kwa wingi inaweza kupotosha majibu ya mita za aina hii, kwa hiyo anayemeza vidonge hivyo amweleze daktari anapompelekea daftari lake la majibu ya mita.

Panapouma ni kwenye stripu. Chupa yetu huja na vipande 25, na ikishafunguliwa inapaswa kutumika ndani ya miezi miwili. Mgonjwa wa gauti hana haja ya kupima kila siku kama mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini. Mara moja kwa mwezi inamtosha, hasa dozi inapopandishwa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya chupa huisha muda ikiwa haijaguswa. Sisi tunachangia chupa na jirani mwenye tatizo hilohilo, kila mmoja akiwa na kalamu yake ya kutobolea na sindano zake. Wasiokuwa na wa kuchangia naye watafute kwanza bei ya kipimo kimoja maabara na kulinganisha kabla ya kununua.

Mita hii pia haiwezi kuwa hakimu wa sahani. Ndugu walikuwa wameshampa baba orodha ndefu ya makatazo, maharage yakiwa ya kwanza, na kumnyima Mnyakyusa maharage ni kumfukuza mezani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 12, ulihusisha gauti na ulaji mwingi wa nyama na samaki, lakini haukuona ongezeko la hatari kwa walaji wa mboga zenye purini nyingi, na maziwa yenye mafuta kidogo yalionekana hata kuipunguza. Vya kupunguza kweli ni bia na pombe nyingine, maini, figo, dagaa na soda zenye sukari nyingi. Hata hivyo, mlo pekee kwa kawaida hushusha kiwango kwa takriban miligramu moja tu, na aliyeanzia 9 hawezi kufika chini ya 6 kwa kuacha supu peke yake.

Thamani ya mita tuliiona kwenye dawa. Alopurinoli huanzishwa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 100 au chini ya hapo kwa mwenye figo dhaifu, kisha hupandishwa taratibu hadi asidi ishuke chini ya 6, yaani mikromoli 360. Katika miezi ya mwanzo mashambulizi yanaweza hata kuongezeka fuwele za zamani zinapoyeyuka, na hapo ndipo wagonjwa wengi huitupa dawa wakidai imewazidishia ugonjwa. Baba naye alitaka kuiacha. Alipoiona namba ikishuka kutoka 8.1 hadi 7.2, kisha 6.4, huku kidole kikiendelea kumsumbua, alikubali kuendelea, akiwa na kolchisini, dawa ya kuzuia mashambulizi, aliyoandikiwa kwa kipindi hicho. Daftari hilohilo lilimfanya daktari aulize kuhusu kidonge chake cha presha, na ikabainika kilikuwa hydrochlorothiazide, ambayo huongeza asidi ya yuriki, kikabadilishwa.

Anayeamua kununua asome tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye chupa ya stripu na si kwenye boksi la mita. Aombe ipimwe mbele yake kwa kijiti cha majaribio kinachokuja na kifaa, ahakikishe namba ya chipu inayochomekwa kwenye mita inalingana na ya chupa, na aulize kama duka lina stripu za asidi ya yuriki muda wote, maana tuliwahi kukuta za sukari zimejaa rafu nzima na za yuriki hakuna hata moja.