Dopla ya kichwa kwa watoto wenye selimundu: kipimo kizuri, mpimaji akiwa makini

Kwa mtoto mwenye selimundu wa miaka 2 hadi 16, dopla ya kichwa, yaani ultrasound ya mishipa ya ubongo, ndiyo kipimo cha kuanzia cha hatari ya kiharusi, mara moja kwa mwaka. Hakina sindano, mionzi wala dawa ya usingizi. Jeli kidogo mbele ya sikio, kifaa cha mkononi cha megahezi 2, basi kasi ya damu kwenye mishipa mikubwa ya ubongo inasomwa, pande zote mbili. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida; 170 hadi 199 kirudiwe mapema; 200 na kuendelea, hatari ya kiharusi ni kubwa, na majibu yakithibitika mtoto huanzishiwa kuongezewa damu kwa ratiba.

Tatizo ni mpimaji. Mtoto akisinzia, kaboni dayoksaidi hupanda na kasi hupanda nayo; akilia, namba huvurugika. Homa huipandisha, damu aliyoongezwa juzi huishusha. Mashine zenye picha husoma chini kidogo kuliko zisizo na picha, hivyo ripoti isiyotaja aina ya mashine ni nusu ripoti.

Viharusi vya kimyakimya, yaani vinavyoumiza ubongo bila dalili za wazi, kipimo hiki hakivioni kabisa. Hapo itakiwe MRI, yaani picha ya ubongo kwa sumaku, angalau mara moja, mtoto akifika umri wa shule na kuweza kutulia bila kulazwa usingizi.