Bima ya afya ya nyongeza Mtwara: kabla hujauliza bei, uliza siku ukichelewa kulipa

Risiti ninayo hapa mezani. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa haraka: "Kuhuisha, watu 2, 860,000/=". Mkataba wenyewe nilikuja kuusoma miezi miwili baadaye, nimesimama kwenye dirisha la bima hospitali, mama yangu ameketi kwenye benchi nyuma yangu na kitenge amejifunika kichwani kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza jicho. Neno kuhuisha halimo humo. Umeandikwa "Mkataba mpya", na chini yake, herufi ndogo: unaanza 13 Desemba.

Nieleze tulifikaje hapo. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, tunayo kupitia mshahara wake, asilimia 3 anakatwa yeye na asilimia 3 anaweka mwajiri. Kadi ile inabeba mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Wetu wamejaa: watoto watatu na mama mkwe. Mama yangu mzazi, miaka 61, presha, utando kwenye jicho la kushoto, akawa hana pa kuingia. Nikamkatia bima binafsi, nami nikajiweka humo humo kama nyongeza kwa ajili ya meno na miwani.

Pesa ilitoka kwenye korosho. Nina ekari chache Tandahimba, urithi. Mwaka wa kwanza nililipa 24 Novemba. Wakaniambia wazi kwamba presha na jicho vitasubiri miezi 12, yaani bima haitavilipia kabla ya hapo, nikakubali, nikasema mwaka wa pili tutapumua. Mwaka wa pili malipo ya mnada wa korosho yakachelewa kuingia kwenye akaunti. Nikalipa 13 Desemba, siku 19 baada ya bima kuisha. Kijana wa bima akapokea, akatabasamu: "Hongera mama, mmeshahuisha, hapo hamna shida."

Februari daktari akasema mtoto wa jicho amekomaa, aende kufanyiwa operesheni. Dirishani wakapiga simu. Jibu likarudi: hawa wameanza Desemba, miezi 12 haijafika. Kwa miaka miwili nimetoa 1,720,000, na kwa kile hasa nilichokuwa nakinunua sijalindwa hata siku moja. Operesheni tulilipa taslimu.

Jina la kampuni silitaji. Nilipoanza kusimulia dukani kwangu nikagundua kuwa tuko wengi. Mteja wangu mmoja wa Mikindani alichelewa siku 6 tu, akiwa na mimba ya miezi minne. Kusubiri kwa uzazi kukarudi mwanzo. Mtoto sasa anatembea, na bili ya kujifungua alilipa baba yake.

Kwa hiyo mwongozo huu hautaanza na umri wala idadi ya watu. Hivyo mnavijua: mzee analipa zaidi, familia kubwa inalipa zaidi. Niongeze kimoja tu hapo, kwamba bei hupanda kwa ngazi za umri. Kama mtu wako anakaribia kuvuka ngazi, uliza wanahesabu umri wa siku ya kuanza au wa siku ya kuzaliwa inayofuata.

Kinachobeba bei kuliko watu wanavyodhani ni matibabu ya nje, yale ya kwenda, kumwona daktari, kupima malaria na kurudi nyumbani na dawa. Kulazwa kunaogopesha lakini hutokea mara chache. Matibabu ya nje kila mtu atayatumia, kampuni inajua hivyo, na inakutoza pesa ambayo ina hakika itaitoa, ikiongeza na gharama zake za kushughulikia karatasi. Sasa wewe una NHIF tayari, unanunua ya nyongeza yenye matibabu ya nje tena, ya nini? Bili moja hailipwi mara mbili na bima mbili za matibabu. Mwambie wakala akupe bei ya kulazwa peke yake, uone inavyoshuka. Mimi sikujua. Nililipia malaria mara mbili mwaka mzima.

Halafu kuna orodha ya hospitali. Bei nyingi zimepangwa Dar es Salaam, kwa mtu anayeweza kuamka na kwenda hospitali ya kifahari kwa bajaji. Wewe uko kilomita kama 560 kutoka huko, na nauli haimo kwenye bima. Kifurushi chenye hospitali za ngazi ya juu kina bei ya juu hata kama hutazikanyaga. Uliza kwa majina: Ligula imo? Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo imo? Ndanda imo? Ukiwa Lindi, uliza Sokoine na Nyangao. Wakala akikujibu "hospitali zote kubwa", mwambie, mwanangu, nisomee.

Kikomo cha pesa watu wanakiangalia sana, nacho kinapandisha bei, lakini angalia vikomo vya ndani. Unaweza kuambiwa milioni 10 za kulazwa, kumbe upasuaji wa macho umewekewa laki chache tu. Kuna na sehemu ya kuchangia mwenyewe kila unapotibiwa: ukikubali kuchangia zaidi, ada inashuka.

Lakini yote haya ni madogo mbele ya swali langu. Nikichelewa kulipa, mkataba unaendelea au unaanza upya?

Kusubiri kupo kwa sababu, sikatai. Kusingekuwapo, kila mtu angekata bima wiki moja kabla ya operesheni na kampuni ingefilisika ndani ya mwezi. Ndiyo maana kuna siku kama 30 za mwanzo kwa magonjwa ya kawaida, miezi 10 au 12 kwa uzazi, na mwaka au zaidi kwa ugonjwa uliokuja nao. Ila mtu aliyekaa mwaka mzima akilipa bila kudai, akachelewa siku 19, huyo hajaja kuotea operesheni. Kampuni zenye akili zinampa siku za neema, yaani siku chache za kulipa baada ya bima kuisha bila mkataba kukatika. Nyingine zinampokea kama mgeni, na hazimwambii kuwa amekuwa mgeni.

Na hilo ni suala la bei, hata kama halimo kwenye jedwali la bei. Bima yangu ya 860,000 ukiigawa kwa miezi 12 ni kama 71,700 kwa mwezi. Toa siku 30 za kusubiri zilizorudi baada ya kuchelewa, imebaki miezi 11, ni zaidi ya 78,000. Kwa jicho la mama, gawanya kwa sifuri. Ningepata kampuni ya 950,000 yenye siku 30 za neema ningekuwa nimenunua rahisi.

Watu wa Arusha wenye mshahara wa kila mwezi labda hawatanielewa. Sisi huku pesa ina msimu. Inaanza kuingia Oktoba, Novemba, na inakuja pale mnada utakapoamua, chama cha ushirika kitakapomaliza hesabu, na benki itakapofungua. Ukikata bima mwanzoni mwa msimu umejitegea mtego mwenyewe, kwa sababu mwaka ujao itaisha tarehe ileile na pesa huenda bado iko ghalani.

Basi, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Jubilee. Nasema waziwazi kwamba nina upendeleo. Ni kampuni ya zamani, ilizaliwa Mombasa mwaka 1937, na shemeji yangu amekaa nayo miaka bila kunipigia simu ya kilio. Nilipotafuta pa kuhamia nilimwandikia wakala wao swali langu la kuchelewa, akanijibu kwa maandishi, na kifungu cha mkataba akakipiga picha. Hakusema "hamna shida". Hilo tu lilinitosha kutoa pochi. Si rahisi, sitakudanganya. Njia ya kuipunguza bei ni kuingia kama kikundi: walimu wa shule moja, wanachama wa SACCOS, wenye maduka. Kikundi kinachanganya wazima na wagonjwa, hatari inagawanyika, na ada kwa kichwa inashuka. Upande wa pili wa kikundi ni kwamba mkidai sana mwaka huu, mwakani bei inapandishwa kwa wote, hata kwa yule ambaye hajawahi kumeza panadol ya bima.

Ya pili ni vifurushi vya NHIF kwa asiye na mwajiri. Vilianza mwaka 2019 kwa majina ya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, kuanzia shilingi 192,000, baadaye yakaja majina mengine, Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Bei hubadilika, iulize siku unapokwenda ofisini kwao. Ninavipenda kwa sababu huku kusini NHIF inajulikana mpaka vituo vya mbali, na mhudumu haiangalii kadi yako kama noti ya kigeni. Kusubiri kupo huko pia, kwa hiyo swali langu wapelekee na wao.

Strategis na Assemble nao wanauza bima ya afya. Sijakaa nao. Ukiwa Dar waulize, ukiwa Mtwara anza na orodha ya hospitali.

CHF iliyoboreshwa, Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita: kama bado inatolewa kwenu na huna kitu kingine, kata. Si ya nyongeza, ni ya kuanzia.

Bima za kwenye simu zinazokupa kiasi fulani kwa kila usiku uliolazwa: hizo ni nyongeza ya kweli, maana pesa unapewa mkononi hata kama bili imelipwa na bima nyingine. Itakusaidia nauli na chakula cha anayekuuguza. Usitegemee zaidi ya hapo.

Sasa niseme la moyoni kuhusu hawa wauzaji. Miezi ya Machi na Aprili, tunapohesabu sarafu, huwaoni. Mnada wa kwanza ukilia, wamejaa. Mwavuli, meza ya plastiki, fulana za bure, kalenda, hatua chache kutoka chama cha msingi, katikati ya wauza televisheni na wauza pikipiki. Kila mtu ni njomba wako siku hiyo. Wanakuuliza umepata kilo ngapi kabla ya kukuuliza unaumwa nini. Tunawalaumu watu wa kangomba wanaonunua korosho kwa bakuli lililojaa mpaka juu na kuliita kilo. Huyu anayekuuzia mwaka mzima wenye miezi 11 ndani yake, kisha anakuandikia "kuhuisha" kwa kalamu huku kwenye mfumo ameingiza mkataba mpya, bakuli lake lina tofauti gani? Nilimrudia yule kijana. Akaniambia, "Mama, mfumo ndio unaandika hivyo." Mfumo haukunipa hongera. Wewe ndiye uliyenipa.

Nimejifunza pia kwamba wakala hulipwa kamisheni ukilipa, umeendelea au umeanza upya. Hana sababu ya kukushtua. Kwa hiyo usimuulize kwa mdomo. Mtumie ujumbe wa maandishi, uandike hivi: "Nikilipa siku 10 baada ya kuisha, vipindi vya kusubiri vinaendelea au vinaanza upya? Nionyeshe kifungu." Jibu lihifadhi. Likija kugeuzwa, TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wapo, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huko ujumbe una uzito kuliko tabasamu.

La tarehe: unaweza kulipa msimu ukiwa moto lakini uombe bima ianze baadaye. Mimi sasa nimeomba ianze 1 Januari. Inaisha 31 Desemba, na hata mnada ukichelewa wiki tatu bado ninayo nafasi. Ila kama tayari una bima inayoisha Novemba, usiiache ikatike ili tu uisogeze. Waombe wakuongezee mwezi mmoja na ushee kwa malipo ya sehemu, wakupe kwa maandishi kwamba ni mkataba uleule.

Na kama umeshachelewa leo, pesa iko mkononi na wakala amekaa hapo sebuleni anakunywa chai yako, usimpe kwanza. Mwombe afungue simu, aingize jina lako, akuonyeshe tarehe ya kuanza itakayotokea kwenye mkataba. Ikiwa ni ya leo, wewe ni mteja mpya, na mteja mpya anaweza kwenda kokote. Mwache amalize chai.