Kabati la gemu za zamani, saizi ya nyumbani: fundi wa Magongo anajua kazi

Kama unaishi flati hapa Mombasa na umekua ukitamani ile mashine ya gemu ya kusimama, ile ya Street Fighter II (gemu ya kupigana) yenye skrini imelala kidogo na batani za rangi, basi kuna fundi wa mbao upande wa Magongo anakutengezea yako kwa kipimo kidogo na ikapita mlangoni. Yangu iko sebuleni sai, watoto wanaicheza, mashemeji wakija wanaicheza, na mimi usiku wakilala ndo zamu yangu.

Mashine zenyewe za asili ni urefu wa mtu mzima na uzito wake hauupandishi orofa ya nne bila kukodi vijana. Kule Marekani Arcade1Up walianza 2018 kuuza zile za robo tatu, futi kama 4 hivi na skrini ya inchi 17, lakini ukitaka kuiagiza mpaka hapa, usafiri na ushuru vinakumaliza. Kwaivo fundi wa hapa ndo njia, na sio kila fundi wa makabati anaiweza hii kazi.

Shida ni hii: kabati utalipunguza lakini mkono wa mtu haupungui. Batani ni milimita 30 kwa mashine kubwa na ni milimita 30 kwa ndogo, zile za kuanzia gemu ni 24, na Street Fighter II inataka batani 6 kwa kila mchezaji, ngumi 3 na mateke 3. Sasa fundi asiyejua akiambiwa robo tatu anachukua kila kitu anakigawa, unapata ubao wa batani mwembamba, watu wawili wakisimama mabega yanagongana na jostiki (ule mkono wa kuendeshea) iko karibu na ukingo mpaka kiganja kinaning'inia hewani. Nimeziona kama hizo, zinapendeza kwa picha na hazichezeki.

Huyu alikata boksi la karatasi kwanza. Akachora duara za batani kwa kalamu, akaliweka juu ya meza, akaniambia, "Kaka, weka mkono hapa kama wapigana." Nikaweka. Akaangalia kifundo cha mkono kinapokunjika, akafuta safu ya batani akaichora upya, imepinda kidogo kufuata urefu wa vidole, akamwita na kijana wake asimame upande wa pili tuone kama tunabanana. Kabati likatoka na upana wa sentimita 48 lakini ubao wa kuchezea unatokeza mpaka 60, na hio tofauti ndo imenunua raha yote. Pia aliuliza kama tutacheza tumesimama au tumekaa, swali ambalo wengi hawaulizi, na akaongeza kitako cha chini ili niweze kusimama bila kuinama.

Mbao msibishane naye. Mimi nilitaka MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, kwa sababu inapakika rangi ikateleza, yeye akakataa, akasema kwa unyevu wa Mombasa kingo zitafura, haswa chini pale maji ya kupiga deki yanapofika. Tukaenda na marini bodi, plaiwudi inayohimili maji, ya milimita 18 ubavuni, nzito ndio, lakini imetulia, mtoto akivuta jostiki kwa hasira kabati halitikisiki. Akapiga msasa vizuri, akaweka miguu ya mpira, na kingo akaziziba na ule ukanda wa plastiki unaoingia kwa mfereji. Pale kwa pembe za juu ukanda umeinuka kidogo, ukipitisha kidole unausikia. Ni kasoro ndogo, ila kwa bei hio angeumalizia.

Skrini itafute mwenyewe. Nenda mjini kwa maduka ya kompyuta za mtumba uchukue monita ya mraba ya inchi 19, ile ya 1280 kwa 1024, wala usidanganywe na pana. Gemu za zamani nyingi zilikua na umbo la 4 kwa 3, kwa hio monita ya mraba zinakaa karibu kujaa, unabaki na vipande viwili vyembamba vyeusi juu na chini. Pac-Man ya 1980, ile ya kula vidoti kwenye vichochoro huku mazimwi yanakufukuza, ndo tofauti, skrini yake ilisimama wima, kwaivo hapa inakula kama asilimia 60 ya upana tu. Mimi hainisumbui.

Na kuhusu Pac-Man, kuna kitu alinionyesha nikafurahi sana. Ile gemu inataka njia 4 tu, juu chini kushoto kulia, na jostiki ya kawaida inakwenda njia 8, ndo maana ukikata kona unakwama ukutani unaliwa. Akafungua chini ya jostiki, kuna kipleti cha plastiki chenye tundu la mraba, akakizungusha nusu ya robo ya duara, yaani digrii 45, akakirudisha, ikawa ya njia 4. Kwa Street Fighter unakirudisha kama kilivyokua, kwa sababu bila pembe huwezi kurusha ule mpira wa moto, unaotaka uvute jostiki chini, pembe, mbele, halafu ngumi.

Ndani kuna Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja, na RetroPie, programu ya kuchezesha gemu za zamani, na hapa ndo malalamiko yangu. Alinifungia chaja ya simu ya kawaida, basi kila nikicheza alama ya radi ya manjano inatokea juu ya skrini na gemu inakwama kwama. Hio Pi inataka volti 5 na ampea 3 kamili, nikanunua chaja yake ikanyamaza. Joto pia, ikifika digrii 80 inajipunguza kasi yenyewe, na Machi ya hapa mnaijua, basi mwambieni atoboe matundu nyuma na aweke feni toka mwanzo, mimi ilibidi nimwite tena. Alikuja nyumbani akatoboa bila kudai pesa, hilo nampa. Kuchelewa alichelewa, lakini simu alikua anashika.

Kadi ya memori ya gemu inayoingia kwa Pi, usichukue zile zimejazwa maelfu. Nusu hazifunguki, na gemu bado zina wenyewe hata kama ni za zamani. Stima ikikatika ghafla kadi inaweza kuharibika, kwa hio wekeni kopi pembeni, na wafundisheni watoto kuzima kwa menyu kabla ya kuchomoa.

Imenitoka kama shilingi 42,000 pamoja na monita, jostiki mbili na rangi. Ukitaka nafuu anatengeza ile ya kuweka juu ya meza, haina miguu, mbao inapungua sana, ila kwa wachezaji wawili mwambie ubao wa batani asiuguse, ubaki 60 vile vile.