Gan, kusini mwa Maldivi: kiwanja cha ndege kilichokuwa kambi ya Waingereza

Anayetafuta ufukwe mpana wa mchanga mweupe asiende Gan. Pwani ya kisiwa hiki ina mawe, kuta za zege na mwamba ulio karibu, na ndege inaporuka kila mtu kisiwani anaisikia. Lakini kwa anayefuatilia historia ya kijeshi ya Bahari ya Hindi, Gan inastahili kila senti ya nauli. Diego Garcia, kisiwa cha kambi ya kijeshi kilicho kusini zaidi, haipokei watalii. Gan inapokea kila mtu, na njia ya zege zilizopitia ndege za kivita aina ya Vulcan za Jeshi la Anga la Uingereza ndiyo hiyo hiyo, ikiwa imerefushwa, ambayo mgeni anatua juu yake leo.

Kisiwa kipo katika Atoli ya Addu, ncha ya kusini kabisa ya Maldivi, kama kilomita 540 kutoka Malé na kusini kidogo mwa ikweta. Kilichoipa Addu thamani ni umbo lake: visiwa na miamba vimezunguka maji ya kina kirefu yenye milango minne tu, na meli kubwa zinaweza kutia nanga ndani kaskazi na kusi. Mwaka 1941 Jeshi la Majini la Uingereza lilianza kujenga hapo bandari ya siri iliyoitwa Port T, yenye matangi ya mafuta, mizinga ya pwani, nyavu za kuziba milango na kiwanja cha ndege pale Gan.

Mwanzoni mwa Aprili 1942 Admirali James Somerville, kamanda wa kundi la meli za Uingereza la mashariki, alikuwa amezileta meli zake Addu kujaza mafuta na maji, ndipo ndege ya doria aina ya Catalina ilipoliona kundi la meli za Wajapani likielekea Ceylon (Sri Lanka ya leo). Wajapani walipiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, bila kujua kwamba Addu ni kambi. Hata hivyo Waingereza waliona ulinzi wa hapo hautoshi, na makao ya kundi lao la mashariki yakahamishiwa Kilindini. Pamoja nao walikuja Mombasa wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Kijapani, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Kwa hiyo Mombasa ya miaka ile haieleweki vizuri bila Addu, na kwa msomaji wa pwani yetu hiyo pekee ni sababu tosha ya kwenda.

Majengo mengi yanayoonekana leo si ya vita hivyo. Ni ya awamu ya pili. Baada ya serikali ya Bandaranaike kuingia madarakani Ceylon mwaka 1956, Uingereza ilijua inapoteza viwanja vyake huko, nayo ilihitaji kituo cha kujaza mafuta kati ya Uarabuni na Singapore. Ikaomba Gan kwa miaka 100 kwa kodi ya pauni 2,000 kwa mwaka. Ujenzi ulianza 1957 chini ya kampuni ya Costain, kwa nguvu kazi kubwa kutoka Pakistani, na njia ya zege ya takribani mita 2,600 ikachukua karibu urefu wote wa kisiwa. Ibrahim Nasir alipokuwa waziri mkuu wa Maldivi alidai masharti mapya. Mkataba wa 1960 ukawa wa miaka 30, pamoja na pauni 750,000 za maendeleo. Katikati ya mvutano huo, Januari 1959, visiwa vya kusini vilijitangaza Jamhuri ya Suvadive chini ya Abdullah Afeef. Jamhuri hiyo ilivunjika 1963 na Afeef akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Waingereza waliondoka Gan tarehe 29 Machi 1976. Mwaka uliofuata Wasovieti walitaka kuikodi kwa dola milioni moja kwa mwaka, Nasir akakataa.

Sasa, ziara yenyewe. Ichukue baiskeli, usichukue teksi. Gan imeunganishwa na Feydhoo, Maradhoo na Hithadhoo kwa barabara iliyojengwa juu ya tuta, kama kilomita 14 hadi mwisho wa Hithadhoo, tambarare yote. Shida ni jua na upepo wa mbele: panda alfajiri, na msimu wa kusi panga kurudi na upepo mgongoni. Anza Gan kwenyewe, kwenye mnara wa kumbukumbu wenye mizinga ya zamani pembeni. Soma orodha ya vikosi kwa makini, kwa sababu vingi ni vya Kihindi, na hao ndio waliolinda atoli hii wakati wa vita huku vitabu vingi vikitaja Waingereza peke yao. Kisha zunguka mitaa ya kambi. Utaitambua kwa barabara zilizonyooka, mabweni marefu ya chini yenye veranda, na miti iliyopandwa kwa mistari. Baadhi ya majengo yalitumiwa na viwanda vya nguo baada ya 1976, kwa hiyo usidhani kila ukuta uliobomolewa ni kazi ya jeshi.

Hapa ndipo Gan inapopungukiwa. Asiyesoma chochote kabla ataona mabweni ya kawaida tu na kuondoka. Muhimu zaidi, maelezo ya kambi huanza na wanajeshi na kuishia kwao, ilhali Gan ilikuwa kijiji. Wakazi wake walihamishiwa Feydhoo ili kupisha njia ya ndege, na watu wa Feydhoo nao wakasogezwa Maradhoo, ndiyo maana hadi leo kuna mtaa unaoitwa Maradhoo-Feydhoo. Tafuta mwenyeji wa kukutembeza huko na umlipe vizuri. Wazee wengi wa Addu walifanya kazi kambini na Kiingereza wanakijua, na ilipofungwa wengi wakaenda Malé kutafuta ajira kwenye hoteli za kitalii. Bila sehemu hii ya ziara, umeona zege tu.

Malazi yenye uhusiano na mada ni Equator Village, hoteli iliyo ndani ya majengo ya mesi (ukumbi wa kulia wa askari) ya zamani ya Jeshi la Anga. Vyumba vipo kwa safu kama vya kambi, bustani ni kubwa, na pombe inaruhusiwa humo. Nje ya hapo, kwenye visiwa vya makazi, hairuhusiwi, na mavazi ya kuogelea hayavaliwi barabarani. Nyumba za wageni za Feydhoo na Hithadhoo ni nafuu zaidi, na kodi ya mazingira ni ndogo pia: dola 6 kwa siku kwa zenye vyumba visivyozidi 50, wakati mahoteli ya kitalii hutoza dola 12. Uliza kama imo kwenye bei uliyopewa.

Mzamiaji ana sababu ya pili ya kuja, na kwetu ndiyo bora: meli ya mafuta British Loyalty. Ilipigwa mara ya kwanza na nyambizi ndogo ya Kijapani huko Diego Suarez, Madagaska, Mei 1942. Ikaibuliwa, ikavutwa hadi Addu kuwa ghala la mafuta linaloelea. Tarehe 9 Machi 1944 nyambizi ya Kijerumani U-183 ilifyatua topido kutoka nje ya atoli kupitia upenyo wa mlango wa Gan, ikaipiga tena. Ilizamishwa rasmi 1946. Imelala ubavu wa kulia, chini ni mita 33, na ubavu wa juu uko kama mita 16.

Kosa la kawaida ni kushuka moja kwa moja hadi mchangani. Mtungi wa lita 11 wenye shinikizo la baa 200, ukibakiza baa 50 za akiba, unakupa lita 1,650. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 86 akiwa mita 33, yaani dakika 19 tu, na muda salama bila kusimama njiani wakati wa kupanda ni mfupi kuliko huo. Katika mita 18 mtungi huo huo unampa karibu dakika 29. Basi shuka kuona usukani na rafadha kwa dakika chache, halafu maliza sehemu kubwa ya safari kwenye ubavu wa juu, ambako matumbawe ni mengi zaidi. Usiingie ndani: tope likitibuka huoni njia ya kutoka. Mwenye cheti cha mita 18 abaki juu. Na mtu wa Mombasa au Tanga asidanganywe na maji kupwa na kujaa kidogo hapa, kwa kuwa atoli nzima hupumua kupitia milango minne na mkondo wake una nguvu. Kuzamia milangoni kufanyike kwa saa atakazopanga mwenyeji.

Kuhusu usafiri, ndege za ndani kutoka Malé huchukua zaidi kidogo ya saa moja, nyingine zikitua njiani. Jengo la abiria wa ndani Malé ni tofauti na la kimataifa, kwa hiyo acha angalau saa tatu kati ya ndege mbili. Vifaa vya kuzamia huvuka kikomo cha mizigo upesi. Lipia uzito wa ziada mapema au azima mtungi na mikanda ya uzito kulekule. Njia ya Gan sasa ni ya mita 3,400 na inapokea ndege kubwa, lakini safari za kimataifa ni chache na hubadilika. Usipige picha upande wa helikopta na vikosi vya ulinzi: matumizi ya kiusalama ya uwanja huu hayajaisha kabisa.

Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, abebe cheti cha chanjo iliyochomwa angalau siku 10 kabla. Fomu ya IMUGA, yaani tamko la msafiri la mtandaoni, hujazwa ndani ya saa 96 kabla ya safari na ni bure. Tovuti inayodai malipo ni ya matapeli. Viza ya siku 30 hutolewa unapofika. Plagi za pini tatu za kwetu zinaingia. Ijumaa mchana maduka hufungwa, kwa hiyo nunua maji asubuhi.

Siku nne zinatosha: moja ya baiskeli, mbili za kuzamia, na ya mwisho ukae nchi kavu, maana baada ya kuzamia mara kadhaa unapaswa kungoja saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege. Siku hiyo ya kungoja panda boti hadi Meedhoo, ukaone makaburi ya Koagannu yenye mawe ya matumbawe yaliyochongwa karne nyingi kabla ya jeshi lolote kufika.