Kaunta buku ya Q2 kama daftari la mchungaji na nyumba yake

Mwaka ukikaribia kuisha, wachungaji wengi hupewa shajara. Jalada gumu, mwaka umeandikwa kwa rangi ya dhahabu, na utepe wa kuweka alama. Ni zawadi nzuri, lakini fungua ukurasa wa mwisho wa wiki uitazame. Katika shajara nyingi Jumamosi na Jumapili zimebanwa pamoja, kila moja ikipata nusu ya nafasi iliyopewa Jumanne. Aliyeichora alimfikiria mtu wa ofisini anayefunga mlango Ijumaa jioni. Mchungaji kazi yake hukolea hasa siku hizo mbili, na ndizo siku ambazo watoto hawaendi shule. Nyumba na kanisa vinagombania siku zilezile, na shajara imezipa nafasi ndogo kuliko zote.

Kinachopimwa hapa ni kitu cha bei ya chini kuliko shajara hiyo: kaunta buku ya A4, ileile inayotajwa kwenye fomu za kujiunga na sekondari. Kazi tuliyoipa ni moja, kubeba ratiba ya nyumba na ratiba ya huduma ndani ya jalada moja kwa miezi 12. Kwa kazi hiyo inaishinda shajara, na inaishinda simu pia, mradi uinunue kwa macho na uipange kabla ya kuandika neno la kwanza.

Anza na ukubwa. Q1 ina kurasa 96, Q2 kurasa 192, Q3 kurasa 288. Q1 haitoshi mwaka. Q3 ni nzito na inamfaa katibu wa baraza la wazee kwa mihtasari. Kwa mchungaji chukua Q2. Pale dukani, iwe ni kwenye maduka ya vifaa vya shule kuzunguka Soko la Majengo hapa Dodoma au duka la mtaani Nkuhungu, usinunue kwa kuangalia picha ya jalada. Ifungue katikati, uinamishe kidogo, utafute uzi. Kaunta buku iliyoshonwa inaonyesha uzi katikati ya kila fungu la karatasi. Iliyogandishwa kwa gundi peke yake haina uzi, na kwa ukavu na joto la Dodoma gundi hukauka, ikapasuka, karatasi zikaanza kutoka moja moja. Kisha sugua ukurasa kwa kidole gumba kilicholowa kidogo: karatasi dhaifu inatoa vumbi na wino utasambaa juu yake. Mwisho tazama kama mistari ya upande wa kulia iko sawa na ya kushoto. Linaonekana jambo dogo, lakini mpangilio utakaofuata unategemea kurasa mbili zinazotazamana.

Livalishe karatasi ya kaki, juu yake nailoni, kama daftari la mwanafunzi. Upepo wa Juni hadi Septemba hapa unaleta vumbi linaloingia hadi kabatini.

Sasa kupanga. Andika namba za kurasa zote 192 kwa mkono kabla ya jambo lingine lolote. Ni kazi ya kama robo saa, na bila hiyo daftari litakupotea mwezi wa tatu. Ukurasa wa 1 ni wa majina ya watu wa nyumba hiyo na siku zao za kuzaliwa. Kurasa za 2 hadi 25 ni za miezi 12, kila mwezi kurasa mbili. Za 26 hadi 129 ni za wiki 52, kila wiki kurasa mbili zinazotazamana. Za 130 hadi 153 ni za vikao vya nyumba, mara moja kwa mwezi. Za 154 hadi 177 ni bajeti ya nyumba. Za 178 hadi 191 ni za mambo ya kuombea na yale yaliyoahirishwa. Ukurasa wa 192 uache wazi, kwa kuwa ndio unaochakaa kwanza.

Daftari halina tarehe zilizochapwa, kwa hiyo unaanza unapotaka. Kwa makanisa yanayofuata kalenda ya kanisa, anza Jumapili ya kwanza ya Majilio, majira ya kujiandaa kwa Krismasi, ambayo kwa 2026 inaangukia 29 Novemba. Ukianza hapo, Krismasi, Kwaresima na Pasaka vinakaa kwenye daftari moja. Pasaka ya 2027 ni 28 Machi, kwa hiyo Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, ni 10 Februari, mapema kabisa. Mtu anayesubiri Januari ndipo apange, anajikuta wiki ya sita ya mwaka mfungo umeshafika na hajapanga mahubiri wala ada za shule.

Kwenye kurasa za miezi kuna mpangilio mmoja usioruhusu mzaha: anza na yasiyohamishika. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, wa kidato cha nne ni Novemba. Kama kuna mtoto wa nyumba hiyo anayefanya mtihani, mwezi huo usiwekewe semina ya siku nne Kondoa au Mpwapwa. Kisha weka majira ya mkoa. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Desemba na Januari waumini wa vijijini wako shambani na mtama, uwele na alizeti, na kikao cha katikati ya wiki kitakuwa cha watu watatu. Mavuno yanakuja Mei na Juni, na ndiyo sababu sikukuu ya mavuno inakaa vizuri baada ya hapo, si kabla. Na Aprili hadi Juni ni Bunge la Bajeti: mji unajaa, vyumba vya wageni na kumbi vinagombaniwa. Mafungo ya wanandoa yakipangwa Mei mjini, gharama itawazuia wale hasa wanaoyahitaji.

Kiini cha mpangilio wote ni kurasa za wiki. Ukurasa wa kushoto ni nyumba, wa kulia ni huduma. Kila siku ipate mistari minne, Jumapili sawa na Jumanne. Jaza kushoto kwanza. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanajaza kulia kwanza kwa sababu huduma ina watu wanaopiga simu, halafu nyumba inapewa makombo. Chukua Jumamosi moja kama mfano. Kushoto: “saa 4 asubuhi, kikao cha wazazi shuleni, saa 10 jioni, hesabu na mtoto”. Kulia: “saa 4 asubuhi, kamati ya ujenzi”. Ukiwa na shajara ya kazi na kalenda ya jikoni, mgongano huo utaujua Jumamosi yenyewe, mwenyekiti wa kamati akiwa mlangoni. Kwenye kurasa zinazotazamana unauona Jumatatu, ukiwa bado na siku tano za kuomba kamati ikutane saa 8 mchana.

Halafu kuna msiba, ambao hauna ratiba. Acha nafasi mbili wazi kila wiki, kwa mfano Jumatano na Ijumaa mchana. Msiba ukila muda wa nyumba, usifute kilichoandikwa. Chora mshale kutoka pale hadi siku kitakapofanyika, na uuchore kabla hujatoka mlangoni. Mtoto aliyeahidiwa hesabu Jumamosi anaona mshale umeelekea Jumapili jioni, anajua hajasahaulika. Jambo lilelile likipata mshale wa tatu, hiyo si dharura tena. Ni suala la kuongea na mama mchungaji na kisha na wazee wa kanisa, kwa sababu huduma imepangwa vibaya.

Upande wa kulia, pembeni mwa kila kazi weka herufi ya anayeweza kuifanya: M kwa mchungaji, I kwa mwinjilisti, W kwa mzee wa kanisa, J kwa kiongozi wa jumuiya. Mwisho wa mwezi hesabu. Kama M zimezidi nusu ya mistari, daftari linakuambia kitu ambacho wazee hawakuambii kwa heshima. Kutoka 18 inasomwa sana kwenye semina za uongozi kwa ajili ya viongozi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Mwanzo wa sura hiyo husomwa haraka mno. Yethro hakuja kumshauri Musa kuhusu foleni ya mashauri; alikuja kumletea mke wake Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri. Foleni aliiona kesho yake. Aliyeleta familia ndiye aliyeona kwamba kiongozi anaketi na watu tangu asubuhi hadi jioni. Kurasa mbili zinazotazamana zinafanya kazi hiyohiyo kwa karatasi na wino.

Kikao cha nyumba kiwe Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya chakula cha jioni, dakika 40, na kalamu asiishike baba peke yake. Mama mchungaji aandike ukurasa mmoja, wa pili uwe wa watoto, hata kama ni mstari mmoja wa “tunataka kwenda kwa bibi Kongwa”. Ajenda tatu zinatosha: kilichoahidiwa mwezi uliopita na hakikufanyika, tarehe za mwezi ujao, na fedha. Wakianza na fedha, kikao kinaishia hapo.

Kwenye bajeti kuna onyo moja. Daftari hili ni la fedha za nyumba tu. Hata shilingi ya sadaka isiingie humo, hata kwa “nitaandika kesho”. Sadaka ina mtunza hazina, kitabu cha risiti zenye namba, na watu wawili wa kuhesabu. Mchungaji aliyechanganya vitabu kwa nia njema atashindwa kujieleza siku ya ukaguzi.

Onyo la pili ni la siri. Daftari hili linakaa mezani sebuleni, kila mtu wa nyumba analiona, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kwa sababu hiyohiyo, usiandike jina la anayekuja kwa ushauri wala shida yake. Andika “ushauri, saa 1 jioni” basi. Kwa wanaotaka kufunga ndoa hakuna siri, maana watatangazwa. Andika majina na uhesabu siku vizuri, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio itolewe angalau siku 21 kabla. Wachumba wakifika ofisini wiki mbili kabla ya tarehe waliyoshachapisha kwenye kadi, kalamu yako haiwezi kuwaokoa.

Kwa kalamu, tumia ya kawaida ya wino mzito, bluu au nyeusi. Kalamu za jeli zinachafua ukurasa wa jirani, na za kung'arisha maandishi zinapenya upande wa pili. Ziara ya askofu iandike kwa penseli mpaka barua ifike. Na unapohamisha miadi kutoka kwenye simu, ongeza kila mara neno la wakati. Simu inasema 8:00, mkono unaandika “saa 8”, na mazishi ya saa 2 asubuhi mchungaji anafika mchana. Kosa hili ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa. Zaidi ya hapo simu ibaki na kazi ya kengele.

Kwa kuwa daftari halitoki nyumbani, unahitaji kijidaftari cha mfukoni cha kuandikia miadi ya njiani. Kila jioni nakili. Kunakili kunachosha, na ndiyo faida yake: ombi lililokubaliwa kwa haraka kwenye ngazi za kanisa linasomwa tena mbele ya mwenza kabla halijawa ahadi. Anayeona hana dakika kumi za kunakili asinunue kaunta buku. Itabaki tupu baada ya Pasaka.

Usichane ukurasa. Katika daftari lililoshonwa, karatasi moja imekunjwa katikati kuwa majani mawili. Ukichana jani la mbele la fungu, pacha wake upande wa pili wa uzi analegea, na baada ya wiki chache anatoka peke yake, akiwa na tarehe ambazo hukukusudia kuzipoteza. Ukikosea, piga mstari mmoja na uendelee.

Udhaifu mkubwa wa kaunta buku hii unaonekana siku ya uhamisho. Nyumba na huduma zimeandikwa uso kwa uso, huwezi kumwachia mchungaji mpya nusu ya daftari na kuondoka na nusu nyingine. Kwa hiyo tangu mwanzo mihtasari, orodha ya washarika na mali za kanisa vikae kwenye Q3 ya ofisini, na humu ziingie tarehe tu. Barua ya uhamisho ikija, nakili tarehe zilizobaki kwenye kitabu cha makabidhiano, andika mwaka kwenye uti wa daftari kwa kalamu nene, kisha liweke kwenye sanduku la bati juu ya matofali mawili. Mchwa wa Dodoma hawachelewi kupata karatasi iliyowekwa sakafuni.