Vifaa vya kupoza miguu ya farasi: ununue kipi, uache kipi

Farasi akishavuliwa tandiko, kabla hujamwaga hata tone la maji, pitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Hapo hakuna nyama, ni ngozi, mfupa na kano. Farasi anapotimua mbio, kano hizo huvutika na kurudi kama mpira, na sehemu ya nguvu hiyo hubaki ndani ikawa joto. Watafiti waliopima katikati ya kano ya farasi anayekimbia walikuta nyuzi 45, wakati mwili wake akiwa ametulia hauzidi sana 38. Damu inayopita humo ni kidogo, joto halina njia ya haraka ya kutoka. Kazi ya kifaa unachotaka kununua ni kulitoa.

Kwangu mimi cha kwanza ni beseni refu la mpira, maji na barafu. Nimejaribu vingi na bado narudi hapo. Maji huzunguka mguu mzima, hujaza kila bonde kati ya kano na mfupa, na hubaki karibu na sufuri maadamu barafu bado inaelea. Pale soko la Owino, Kampala, utapata mabeseni ya kila aina, lakini acha yale ya plastiki ngumu: farasi akilikanyaga linapasuka na ncha zake zinakata. Chukua la mpira, refu kadiri utakavyopata, kisha ng'oa kishikio siku hiyohiyo. Nilishaona kwato ikinasa kwenye kishikio cha ndoo, farasi akaruka nayo uwanja mzima, na miguu tuliyotaka kuiponya ikatoka na majeraha.

Barafu si tatizo kwa sisi tulio karibu na ziwa. Magari yanayobeba sangara, mputa kama wanavyoitwa hapa, hayaendi bila barafu, kwa hiyo uliza kwenye mialo ya kupokelea samaki kama Ggaba. Agiza iliyosagwa, umtume boda na gunia mbili, moja ndani ya nyingine. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa mguu. Usikubali ushauri wa kumsimamisha farasi ziwani ili kuokoa pesa: maji ya Victoria ni vuguvugu, na saisi, yaani mtunza farasi, anayesimama naye humo anaweza kurudi na kichocho.

Cha pili ni buti za barafu, yaani mifuko mirefu inayovaliwa mguuni na kujazwa barafu na maji. Zinapoza sawa na beseni na zinafika juu zaidi, hadi gotini. Zimekuwa za pili kwa sababu ya bei tu, maana lazima ziagizwe nje. Ukiagiza, kagua zipu na mishono ya chini, ndiko zinakoanza kuvuja. Kama mfuko hauruhusu, mshona viatu anaweza kukutengenezea kwa tyubu ya lori: kipande kirefu, kinafungwa kwa kitambaa laini juu ya kifundo, na mikanda miwili inapita mabegani mwa farasi ili kisiteleze. Kinavuja kidogo, unaongeza barafu.

Mpira wa maji ni wa tatu, na kila banda linao. Acha kwanza maji yaliyolala juani yatoke, maana yanaweza kuchoma mkono. Hayatakuwa baridi kama barafu, ila yakitiririka bila kukatika dakika 20 yanaondoa joto jingi. Wazee wengine bado wanaamini maji baridi kwa farasi aliyechemka yatamkaza misuli. Utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulionyesha kuwa hofu hiyo haina msingi.

Vifuko vya jeli vya kugandisha ndivyo nilivyonunua kwanza, kwa pesa ambayo ingenipa barafu ya miezi. Usiku umeme ukakatika, asubuhi vikawa laini kama uji. Hata vikiwa vimeganda, vinagusa mguu hapa na pale tu, na kitambaa chake kinene kinazuia ubaridi. Ukiwa navyo tayari, lowesha kwanza bandeji nyembamba chini yake. Usivinunue kama kifaa chako cha pekee.

Udongo mweupe wa kupaka unapoza ukiwa mbichi. Ukikauka kazi yake imekwisha, uoshe.

Krimu zenye mentoli ziache dukani. Ngozi inahisi baridi, kano ndani haipoi. Zenye pilipili ni mbaya zaidi kwa farasi wa mashindano: mwaka 2008 huko Hong Kong, farasi wanne wa kuruka vizuizi walisimamishwa kwenye Olimpiki kwa kukutwa na kapsaisini, kile kinachofanya pilipili iwashe.

Sasa kile kiganja cha mwanzo. Jioni moja kijana wetu wa bandani aliniambia, "Mzee, huu wa kushoto unawaka, wa kulia hapana." Tayari beseni lilikuwa limejaa. Tulipoza, lakini daktari wa mifugo tulimpigia kabla mguu haujaingia majini, kwa sababu barafu ingeficha uvimbe na yeye asingeona tulichokiona. Mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, au farasi akichechemea, kifaa cha kwanza ni simu.