Oxford English Dictionary ya mtandaoni: kamusi ya kulipia kwa ajili ya ushahidi wake

Msomaji anayetaka tu kujua neno la Kiingereza lina maana gani leo hana sababu ya kulipia Oxford English Dictionary. Kamusi ya mwanafunzi, au ile ya bure iliyo kwenye simu, itamjibu upesi zaidi na kwa lugha nyepesi zaidi. Kamusi hii, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake OED, imetungwa kwa kusudi jingine kabisa, nalo ni kusimulia maisha ya kila neno tangu lilipoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi hadi sasa, au hadi lilipoacha kutumika. Maana hupangwa kwa kufuata umri wake, na chini ya kila maana huwekwa nukuu zenye mwaka, jina la mwandishi na jina la maandishi zilikotolewa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutafsiri, kuhariri au kufundisha maandishi ya zamani, nukuu hizo ndizo bidhaa yenyewe, na ndizo nitakazozipima hapa.

Tuchukue neno girl, ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi analijua. Kamusi ya kawaida itasema ni msichana, na mambo yameishia hapo. OED inaonyesha kwamba katika Kiingereza cha zama za kati neno hilo lilimhusu mtoto au kijana yeyote, wa kiume kwa wa kike, na kwamba ile maana ya mtoto wa kike peke yake ilijitenga baadaye. Mfasiri wa Chaucer, mshairi wa mwishoni mwa karne ya 14, akilikuta neno hilo pale mshairi anapowataja vijana wa jimbo la kanisa, atapotosha mstari mzima iwapo atawaandika kuwa ni wasichana. Fasili peke yake isingemtosha, kwa kuwa fasili ni kauli ya mhariri. Mfululizo wa nukuu ndio unaomwezesha kuliona kwa macho yake neno likibadilika karne hadi karne, na hata kumpinga mhariri pale anapoona ushahidi haujatimia. Ni kamusi chache mno zinazomheshimu msomaji kiasi cha kumkabidhi ushahidi wote ili aamue mwenyewe.

Katika Kiingereza, desturi hiyo haikuanzia Oxford. Kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, kilichotolewa na Robert Cawdrey mwaka 1604, kilikuwa na maneno magumu yapatayo 2,500 yaliyopewa maelezo mafupi bila nukuu. Aliyeufanya ushahidi kuwa uti wa mgongo wa kazi hii ni Samuel Johnson. Alisoma vitabu akipigia mistari maneno aliyoyataka kwa penseli, na wasaidizi wake sita, katika chumba cha darini cha nyumba ya Gough Square, London, wakanakili sentensi hizo. Kamusi yake ilitoka tarehe 15 Aprili 1755 katika juzuu mbili kubwa, ikiwa na vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa katika kamusi, zaidi ya 42,000 na nukuu zipatazo 114,000. Wahariri wa Oxford waliomfuata walizichukua baadhi ya fasili zake jinsi zilivyo, wakaziwekea herufi J ili haki yake isipotee.

Mpango wa OED wenyewe ulizaliwa mwaka 1857 katika Chama cha Filolojia, yaani taaluma ya historia ya lugha na maandishi, cha London, ambacho wanachama wake waliona kuwa kamusi zote zilizokuwapo zilijaa mapengo. Miaka 20 ya kwanza ilikuwa ya misukosuko. Herbert Coleridge, mhariri wa kwanza, alifariki mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 30 tu, na mrithi wake, Frederick Furnivall, alikuwa na shauku kubwa kuliko utaratibu, hata vikaratasi vya nukuu vikatapakaa majumbani mwa watu. Mwaka 1879 kazi ilikabidhiwa James Murray, Mskoti aliyekuwa mwalimu wa shule, na mkataba ukakadiria kwamba ingechukua miaka 10 na kujaza juzuu nne. Murray alijenga banda la mabati Mill Hill, na baadaye jingine katika bustani ya nyumba yake mjini Oxford, akalijaza visanduku zaidi ya 1,000 vya kupangia vikaratasi. Kisha akatoa wito kwa wasomaji wa Uingereza, Marekani na makoloni wasome vitabu na kumpelekea nukuu. Kila kikaratasi kilitakiwa kiwe na neno juu kwenye pembe, mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa na sentensi kamili. Miongoni mwa waliomsaidia sana ni William Chester Minor, daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani, aliyekuwa amezuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kumuua mtu kwa risasi London mwaka 1872. Minor alivitengenezea faharasa vitabu vyake mwenyewe, na wahariri walipomwambia ni neno gani lililokuwa mezani, aliwapelekea nukuu za neno hilo hasa. Wasomaji wengi walichagua maneno ya ajabu na kuyapita yale ya kila siku, kwa hiyo msaada wa namna hiyo ulikuwa wa thamani isiyo na kifani.

Sehemu ya kwanza, kuanzia A hadi Ant, ilitoka mwaka 1884. Murray alifariki mwaka 1915 bila kuuona mwisho. Kazi ilikamilika mwaka 1928, chini ya William Craigie na Charles Onions, ikiwa na maneno 414,825 na nukuu 1,827,306.

Nimeieleza historia hii kwa urefu kwa sababu mnunuzi wa leo bado anaisoma ndani ya kamusi. Kamusi inayojengwa kwa vikaratasi hujua kile tu kilichoifikia, tena kwa kadiri wahariri wake walivyoona kinafaa. Neno bondmaid, yaani mjakazi, lilikosekana katika toleo la kwanza kwa kuwa vikaratasi vyake vilipotea, likaja kuingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933. Neno appendicitis, yaani uvimbe wa kidole tumbo, liliachwa kwa kuonekana kuwa la madaktari mno, halafu mwaka 1902 kutawazwa kwa Mfalme Edward VII kukaahirishwa kwa sababu ya ugonjwa huohuo, na neno likawa vinywani mwa watu wote. Zito zaidi kwetu ni kwamba African halikuingizwa, ilhali American liliingizwa. Hoja ya kuliacha ilikuwa kwamba maneno yanayotokana na majina ya mahali si kazi ya kamusi. Hoja hiyo ingesimama kama ingetumiwa kwa wote kwa kipimo kimoja, na kwa maoni yangu hilo ni doa ambalo hakuna wingi wa nukuu unaolifuta.

Mlango ulianza kufunguka kwa upana katika juzuu nne za nyongeza zilizohaririwa na Robert Burchfield, mzaliwa wa New Zealand, kati ya mwaka 1972 na 1986, ambazo zilikipa nafasi kubwa Kiingereza cha nje ya Uingereza. Baada ya hapo maandishi yote yaliingizwa kwenye kompyuta, toleo la pili la juzuu 20 likatoka mwaka 1989, na tangu mwaka 2000 kamusi iko mtandaoni na hurekebishwa kila robo mwaka. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho. Marekebisho yalianzia herufi M, kwa kuwa wahariri wa zamani walipofika katikati ya alfabeti walikuwa wamekwisha kuukomaza utaratibu wao, na hadi leo hayajayafikia maneno yote. Kwa hiyo kidahizo kimoja kinaweza kuwa kimeandikwa upya kwa ustadi mkubwa, kama kitenzi run, ambacho kiliporekebishwa mwaka 2011 kilifikia maana 645, huku kingine kikibeba maelezo ya mhariri wa enzi za Malkia Victoria pamoja na mitazamo ya enzi hiyo. Tovuti inaonyesha ni lini kila kidahizo kilichapishwa na lini kilirekebishwa, lakini msomaji asiyezoea hupita bila kuiona taarifa hiyo. Mwanafunzi anayeinukuu OED katika tasnifu yake aanze kwa kuitazama.

Upande wa utafutaji, tovuti inazishinda juzuu zote za karatasi. Unaweza kutafuta maneno kwa mwaka yalipoanza kuonekana, kwa mwandishi aliyenukuliwa au kwa lugha yalikotoka. Imeunganishwa pia na tesauri ya kihistoria iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow kwa miaka 44 na kuchapishwa mwaka 2009, ambayo humwonyesha mfasiri ni maneno gani yalikuwapo kwa dhana fulani katika karne fulani. Hicho ndicho chombo ambacho sijakiona kwingine kwa ukamilifu wa namna hii. Ukichuja kwa Kiswahili utaipata safari, iliyoingia katika Kiingereza karne ya 19 kupitia maandishi ya wasafiri wa Kizungu, na utayapata pia maneno kama nyama choma na daladala, yaliyoingizwa mwaka 2022 wahariri walipokishughulikia Kiingereza cha Afrika Mashariki. Hatua hiyo naipongeza kwa dhati. Hata hivyo, kamusi hii hutegemea mno kilichochapishwa, na neno linaloishi midomoni mwa watu kwa miaka mingi kabla ya kufika gazetini litaonekana humo kuwa changa kuliko lilivyo. Anayetafiti maneno yetu asiuchukue mwaka wa nukuu ya kwanza kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa neno.

Ada ya mtu binafsi ni kubwa kwa mfasiri wa kujitegemea wa Dar es Salaam au Mombasa, na asiyelipa huona muhtasari tu, nukuu zikiwa zimefichwa. Wakazi wa Uingereza wengi huingia bure kwa namba ya kadi ya maktaba ya umma. Kwingineko, mwanafunzi au mhadhiri amuulize kwanza mkutubi wa chuo chake kabla ya kutoa fedha yake. Kwa anayefanyia kazi fasihi ya kale peke yake, lipo pia toleo dogo la mwaka 1991, ambalo kurasa tisa za toleo la pili zimepunguzwa na kubanwa katika ukurasa mmoja, na huuzwa pamoja na lenzi ya kukuzia. Ni zito, linachosha macho na halina maneno ya leo, lakini nukuu za toleo la pili zimo zote, na akilipata kwa muuza vitabu vilivyotumika atakuwa amelinunua mara moja tu.